Luger ipi ni ipi: mwongozo wa kuitambua P08 na ndugu zake

Maswali kuhusu Luger, bastola ya Kijerumani, na hasa P08, ile ya jeshi, ni yale yale. "Juu ya chemba imeandikwa 1917, je ni ya jeshi la majini?" "Yangu ina 1920 na 1917 kwa pamoja, imechanganywa?" "Muuzaji anasema ni ya kikosi cha mizinga kwa sababu mtutu ni mrefu, nimwamini?" Karibu yote hujibika ukiisoma bastola kwa mpangilio huu: umbo kwanza, namba zifuate, chapa ziwe za mwisho. Wanaoanza hufanya kinyume. Hukimbilia chapa kwa sababu ndizo zinazong'aa machoni, nazo ndizo rahisi kughushi kuliko kitu kingine chochote: nyundo, muhuri wa chuma na dakika tano. Kubadili umbo la fremu kunataka mashine, na namba kumi na kitu zote zikubaliane ni kazi ya siku nyingi.

Hapa tunazungumzia Luger zilizotengenezwa Ujerumani tu, kuanzia modeli ya 1900 hadi za kiwanda cha Mauser za 1942. Za Uswisi zilizotoka Bern zina taratibu zake na hazimo.

Sheria kidogo kabla ya chuma. Tanzania na Kenya huwezi kumiliki bastola bila leseni, na umri wa bastola haukusamehe. Ukiikuta kwenye sanduku la marehemu babu, usiibebe mkononi kwenda kituoni. Iache ilipo, toa taarifa polisi, waje wao. Ulaya na Marekani kila nchi ina mstari wake. Marekani, kwa mfano, sheria ya nchi nzima huhesabu kuwa "ya kale" silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla, kwa hiyo hakuna Luger ya kawaida inayoingia humo, hata kama tangazo la mnada limeandika "antique" kwa herufi kubwa.

Vya kuandaa

- Lenzi ya kukuza mara 10.
- Kalipa ya milimita, ya plastiki au yenye ncha zilizofunikwa utepe ili isikwaruze.
- Kijiti cha mbao kilichonyooka, kipenyo milimita 6, urefu milimita 250 au zaidi. Cha milimita 8 hakiingii kwenye mtutu wa milimita 7.65.
- Penseli laini, kitambaa cha pamba, mafuta mepesi ya bunduki.
- Taa moja inayosogezwa. Chapa zilizofifia huonekana mwanga ukipiga kwa ubavu, si kutoka juu.
- Simu yenye kamera, daftari, na meza yenye kitambaa kizito. Risasi zisiwepo chumbani.

Bisibisi si lazima. Ukihitaji kutoa vibao vya mpini, tafuta inayokaa sawasawa ndani ya mfereji wa skrubu. Skrubu iliyochubuka ni kasoro ya kwanza atakayoiona mnunuzi mwenye macho.

Majina ya sehemu

Luger haina kifuniko kinachoteleza kama bastola nyingi. Ina kiungo kinachokunjika kwenda juu, na Wajerumani wenyewe hukiita kiungo cha goti. Nasi tutakiita goti. Lina vifundo viwili vya duara vya kushika. Mbele yake ni chemba, inapokaa risasi, kisha mtutu. Fremu ni ile sehemu ya chini yenye mpini. Kibao cha ubavu ni kile kipande kidogo cha chuma kushoto, juu ya kifyatulio.

Hatua ya 1: hakikisha ni tupu

Elekeza mdomo mahali salama. Bonyeza kitufe cha kushoto nyuma ya kifyatulio, utoe magazini. Shika vifundo vyote viwili, vuta nyuma na juu, ulishike goti likiwa wazi, kwa sababu bila magazini litajifunga lenyewe. Tazama ndani ya chemba, kisha ingiza kidole kidogo. Macho peke yake hayatoshi penye giza.

Goti likikataa kufunguka, angalia kishikizo cha usalama kabla ya kutumia nguvu. Kwenye bastola za mwanzo, usalama ukiwa umefungwa goti halifunguki. Ukilazimisha utaumiza kipande kilichodumu zaidi ya miaka mia.

Onyo ambalo wengi hawalijui: ulimi unaoachia pini ya kupiga umo ubavuni mwa sehemu ya juu, si ndani ya fremu. Sehemu ya juu iliyotolewa kwenye fremu, ikiwa na risasi chembani na pini imekokwa, inaweza kulipuka ukibonyeza ulimi huo. Ndiyo sababu unakagua kabla ya kufungua, na unakagua tena baada ya kufungua.

Hatua ya 2: soma umbo

Sahau maandishi yote kwa sasa. Anza na vifundo vya goti. Vikiwa na sehemu laini iliyobonyea, na michoro ya kushikia imezunguka nusu tu, uko kwenye modeli ya zamani, ya 1900 na ndugu zake. Vikiwa bapa na vimechorwa mduara mzima, ni modeli mpya iliyoanza 1906, na P08 zote ni za ukoo huu. Modeli ya zamani ina pia kifungio kidogo cha goti kwenye kifundo cha kulia, na ndani ya mpini ina springi bapa. Modeli mpya ina springi ya kujizungusha.

Kisha geuza mgongo wa mpini. Kuna kipande cha chuma kinachobonyea unapoushika? Huo ni usalama wa mpini. Modeli za 1900, za biashara (zilizouzwa kwa raia) za 1906 na za majini za mwanzo zinao. P08 ya jeshi la nchi kavu, iliyopokewa rasmi Agosti 1908, haina.

Chini kabisa ya mgongo wa mpini tafuta jino la kushika kitako cha mbao. Bastola za majini zinalo. P08 za jeshi hazikuwa nalo hadi 1913, baada ya hapo likawa jambo la kawaida mpaka mwisho. Bastola yenye 1911 juu ya chemba na jino chini ya mpini ina maelezo ya kutoa: yaelekea sehemu ya juu na fremu hazikuzaliwa pamoja.

Usitegemee sana kifaa kinacholizuia goti wazi risasi zikiisha. P08 za mwanzo hazikuwa nacho, lakini nyingi zilirudishwa karakana na kuwekewa.

Hatua ya 3: pima mtutu

Funga goti. Ingiza kijiti taratibu kutoka mdomoni hadi kigote mwisho, weka alama ya penseli usawa wa mdomo, toa, pima. Mtutu wa Luger hupimwa kutoka mdomo hadi uso wa kizibo kilichofungwa, yaani kile kipande cha mbele cha goti kinachofunga chemba kwa nyuma. Ukipima sehemu ya nje inayoonekana utapata jibu la uongo, na hili ndilo kosa linalozaa "modeli adimu" nyingi kuliko zote.

Milimita 98 hadi 100 ni P08 ya kawaida. Milimita 120 ni modeli ya 1900, au ya biashara ya 1906 ya milimita 7.65. Milimita 150 ni ya majini, na 200 ni ya mizinga, ile iliyoitwa LP08. Ukikuta takriban 95 kwa 7.65, hiyo ni ya biashara ya miaka ya 1920, wakati masharti ya Mkataba wa Versailles, wa baada ya Vita vya Kwanza, yalipobana urefu wa mitutu.

Kipenyo pima mdomoni kwa kalipa: karibu 8.8 kati ya mistari iliyoinuka ndani ya mtutu ni bastola ya milimita 9, na karibu 7.6 ni ya 7.65. Kipimo hiki ni cha utambuzi tu. Kuamua risasi ya kutumia ni kazi ya fundi wa bunduki aliyesajiliwa.

Hatua ya 4: angalia kilengeo cha nyuma

Hapa ndipo Luger bandia za mizinga na za majini hufia, kwa hiyo usipite haraka.

P08 ya kawaida ina pengo dogo lenye umbo la V lililochongwa kwenye kipande cha nyuma cha goti. Ya majini ina kilengeo kinachosogezwa, kiko pale pale nyuma ya goti, kina nafasi mbili: mita 100 na mita 200. LP08 ina kilengeo cha ngazi juu ya mtutu wenyewe, kimepimwa hadi mita 800. Kwa kuwa kilengeo chake kiko mbele, kipande cha nyuma cha goti lake ni laini, hakina V.

Mghushi huchukua P08 ya kawaida, akafunga mtutu wa milimita 200, akasahau goti. Ukiona ngazi juu ya mtutu na V nyuma ya goti, weka pesa mfukoni. Akilibadili goti pia, atakwama kwenye namba.

Usidanganywe na mkato mdogo mbele ya chemba unaotajwa sana kuwa "alama ya mizinga". Kiwanda cha DWM kiliuchonga hata kwenye P08 za kawaida ili sehemu hizo zitumike popote.

Hatua ya 5: kusanya namba

Fungua bastola kwa kiwango cha usafi tu. Bonyeza mdomo juu ya ubao ili mtutu urudi nyuma karibu sentimita moja, zungusha kishikizo cha kushoto mbele ya kifyatulio kuelekea chini, ondoa kibao cha ubavu, vuta sehemu ya juu kwenda mbele. Basi. Kizibo na pini ya kupiga havihitaji kuvunjwa ili kuitambua bastola.

Chora bastola kwenye daftari, andika namba kila mahali unapoiona: mbele ya fremu chini ya mtutu, chini ya mtutu wenyewe, ubavu wa kushoto wa chemba, kizibo, kila kipande cha goti na pini yake ya nyuma, kitoa ganda, ulimi wa ubavuni, kibao cha ubavu, kishikizo cha kufungulia, kifyatulio, kishikizo cha usalama, na ndani ya vibao vya mpini. Sehemu kubwa zina namba kamili, ndogo zina tarakimu mbili za mwisho.

Herufi ndogo iliyo chini ya namba mbele ya fremu ni sehemu ya namba. Iandike. DWM na Erfurt, viwanda tutakavyovieleza hatua ya 6, walihesabu hadi 10,000, kisha wakaanza upya kwa herufi a, halafu b, na kuendelea, na mwaka mpya wakarudi mwanzo. 4512 b ya 1916 na 4512 b ya 1917 ni bastola mbili tofauti, na 4512 bila herufi ni ya tatu. Anayekuletea namba bila herufi na bila mwaka hajakuambia kitu.

Tazama pia zilipogongwa. Kwenye P08 za jeshi namba za sehemu ndogo ziko wazi, unazisoma bila kufungua chochote. Kwenye za biashara zimefichwa, kwa mfano kwenye ukingo wa chini wa kibao cha ubavu, ili zisiharibu sura. Bastola yenye namba zilizofichwa lakini ikinadiwa kama ya mstari wa mbele wa 1916 inahitaji maswali.

Chini ya mtutu utakuta pia tarakimu kama 8,82. Hiyo si namba ya bastola, ni kipimo cha tundu la mtutu.

Hatua ya 6: sasa soma goti na chemba

Juu ya goti, mbele, ndipo mtengenezaji alipojitaja. Herufi zilizofumana ni DWM, wa Berlin. Taji juu ya neno ERFURT ni kiwanda cha serikali kilichotengeneza P08 kuanzia 1911 hadi 1918. Erfurt walikuwa na tabia ya kugonga mihuri midogo ya taji karibu kwenye kila kipande, hata vile visivyoonekana. Erfurt iliyo safi bila mihuri hiyo ina walakini. Kumbuka pia kwamba LP08 za Erfurt ni za 1914 peke yake. Nyingine za vita zile ni DWM. Taji na SPANDAU zipo, lakini ni chache sana na zinaghushiwa sana. Ichukulie kuwa bandia mpaka ithibitike vinginevyo.

SIMSON & CO. SUHL waliiuzia Reichswehr, jeshi la Ujerumani la wakati ule, katika miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930. Nanga yenye H na K, pamoja na neno KRIEGHOFF, ni za Suhl pia, nyingi zikiwa za mkataba wa jeshi la anga.

Mashine za DWM zilihamishiwa Mauser, Oberndorf, mwaka 1930. Jeshi lilipotaka kuficha idadi ya silaha zake, jina likaondoka kwenye goti na siri ikaingia: S/42, baadaye 42 tupu, kisha byf. Mwaka nao ulifichwa mwanzoni. K juu ya chemba ni 1934, G ni 1935. Kuanzia 1936 mwaka uliandikwa wazi kwa tarakimu nne, na kwenye byf ukabaki na mbili, 41 au 42. Goti lenye jina la Mauser wazi, ndani ya nembo yake ya umbo la bango, ni la bastola ya biashara au ya polisi.

Bastola za majini zina njia yake. Za mwanzo, zenye usalama wa mpini, hazina mwaka juu ya chemba. Zilizofuata hazina usalama huo na bado hazina mwaka. Mwisho zikaja zenye mwaka, nyingi zikiwa 1916 na 1917. Muhuri wa kutafuta ni taji juu ya M.

Mihuri ya majaribio huthibitisha kipindi. Taji juu ya N ni jaribio la kiraia kabla ya 1940, tai juu ya N ni kuanzia mwaka huo. Za jeshi la Kaiser zina safu ya taji juu ya herufi upande wa kulia wa chemba. Za enzi ya Hitler zina tai wadogo wenye namba.

Hatua ya 7: rangi

Hadi katikati ya miaka ya 1930 bluu ya Luger ilitokana na kutu iliyodhibitiwa, na sehemu ndogo kama kifyatulio, kishikizo cha usalama na kitoa ganda ziliachwa na rangi ya majani makavu. Ndani ya fremu chuma kilibaki cheupe. Karibu 1937 Mauser wakahamia kwenye bluu ya kuchovya kwenye chumvi, na sehemu zote, ndogo na ndani ya fremu pia, zikawa bluu.

Ukaguzi ni wa sekunde chache: P08 ya 1916 iliyofunguliwa ikaonyesha bluu nyeusi ndani ya fremu imepakwa upya. Kando za herufi zitakuambia jambo lile lile. Chapa iliyogongwa na kuachwa ina kingo kali zilizoinuka kidogo. Iliyosuguliwa kabla ya kupakwa upya ina kingo laini, na DWM inaonekana kama imelainika kwenye jua.

Makosa yanayogharimu

Kusugua kwa sufi ya chuma ili "namba zionekane" ndilo baya kuliko yote. Ondoa uchafu kwa mafuta na kitambaa, acha kutu iliyotulia ilale. Usijaze namba kwa rangi nyeupe. Usinunue magazini yenye namba inayolingana kisha ukasema ilikuja na bastola. Kila bastola ya vita ya kwanza ilikuwa na magazini mbili, ya pili imegongwa alama ya kujumlisha, na watu huzikusanya upya kwa subira. Kitako cha mbao usikifunge kwenye bastola yenye jino kabla hujasoma sheria za nchi yako, maana nchi kadhaa huihesabu bastola yenye kitako kuwa bunduki fupi.

Ukikwama

*Ina 1920 juu ya 1917.* Hiyo ni sahihi. Baada ya vita serikali ya Weimar ilizigonga 1920 bastola zilizobaki mikononi mwake, bila kuufuta mwaka wa kutengenezwa.

*Chemba haina mwaka na goti ni DWM.* Rudi hatua ya 2 na ya 5. Inaweza kuwa P08 ya 1908, ya majini, ya biashara, au ya vita iliyosuguliwa mwaka na kuuzwa kwa raia miaka ya 1920. Jino, usalama wa mpini na mahali pa namba ndivyo vitakavyoamua.

*Imegongwa GERMANY.* Iliuzwa nje. Haisemi ilitengenezwa lini.

*Namba zote hazilingani, kuna X kubwa ubavuni na bluu ni nyeusi mfululizo.* Ni dalili za bastola iliyotekwa na Wasovieti na kukarabatiwa kwa wingi kutoka vipande vya rundo moja.

*Ni byf 42 yenye mpini mweusi wa plastiki, muuzaji anataka bei ya juu.* Jina la utani la "Mjane Mweusi" lilizaliwa kwenye biashara ya Marekani baada ya vita, halimo kwenye karatasi yoyote ya kiwanda. Plastiki yenyewe ni halali kwa kipindi hicho, lakini vibao hutoka kwa skrubu moja kila upande na mtu anaweza kuvibadilisha akinywa chai.

*Usalama uko chini na imeandikwa GESICHERT (Kijerumani, "imewekwa salama"), je umefungwa au wazi?* Kwenye P08 chini ndiyo kufungwa. Baadhi ya bastola za majini za mwanzo ziliundwa kinyume, juu ndiyo kufungwa, na nyingi zilibadilishwa baadaye. Kishikizo kisikuambie kama bastola ni salama. Chemba iliyo tupu ndiyo ikuambie.

*Nimeirudisha na goti limelegea, halina nguvu.* Kiungo kinachoning'inia nyuma ya goti hakijaingia kwenye ndoano ya springi ndani ya fremu. Itoe sehemu ya juu tena, igeuze chini juu ili kiungo kilale mahali pake, iingize hivyo hivyo kutoka mbele, kisha iinue na ujaribu. Ukisikia springi ikikaza, rudisha kibao cha ubavu na ufunge kishikizo.